POVU LINAKWENDA WAPI?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Maneno haya yamesomwa redioni, na sasa yamepigwa chapa ili uyasome mwenyewe. Yasome kwanza kimya, kisha msomeane kwa sauti. Kabla ya kuanza, mwalimu aweke mezani bilauri mbili, maji, mafuta ya kupikia kidogo, kipande cha sabuni, na pakiti tupu ya dawa ya meno.

 

Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekishika tangu asubuhi. Kitu hicho ni sabuni. Umenawa uso kwa sabuni. Labda umefua nguo. Umepiga mswaki kwa dawa ya meno, nayo mara nyingi ina kitu cha jamii ya sabuni ndani yake. Kisha ukamwaga maji, ukasahau. Povu likaenda zake.

Basi nataka tuulize maswali mawili. Povu lile lilitoka wapi kabla ya kufika mkononi mwako? Na ukilimwaga linakwenda wapi? Mtu anayejua kuuliza yote mawili hadanganywi upesi dukani, wala hakiharibu kisima chake mwenyewe. Anayeuliza moja tu amejua nusu ya habari. Katika somo hili utaona jinsi mataifa makubwa yenye elimu nyingi yalivyosahau swali la pili, na hasara waliyoipata.

1. SABUNI HUFANYAJE KAZI?

Chukua bilauri ya kwanza. Tia maji nusu, kisha tia kijiko kimoja cha mafuta. Koroga. Waona? Mafuta yamezunguka kidogo, kisha yamerudi juu. Maji na mafuta havipatani. Ndiyo sababu maji matupu hayaondoi mafuta ya samaki katika sahani, wala uchafu wa jasho katika kola ya shati.

Sasa chukua bilauri ya pili. Tia maji na mafuta kama mwanzo, kisha kwangua sabuni uitie humo. Koroga sana. Safari hii maji yamekuwa meupe kama tui. Mafuta yamekatika vipande vidogo mno, navyo vimetawanyika ndani ya maji.

Sababu ni hii. Sabuni ni mkusanyiko wa chembe ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuziona. Kila chembe ina kichwa na mkia. Kichwa hupenda maji. Mkia huchukia maji, hupenda mafuta. Unapofua, mikia mingi hujichomeka katika uchafu wa mafuta, na vichwa hubaki nje, majini. Ukisuuza, maji huvuta vichwa, vichwa huvuta mikia, na mikia huvuta uchafu. Ni kama wavuvi wanaokokota juya pwani. Kila mmoja ana nguvu kidogo, lakini wote pamoja wavu unakuja.

Vitu vyote vyenye kichwa na mkia wa namna hii wataalamu huviita safaktanti. Sabuni ya mche ni safaktanti. Ndani ya sabuni ya unga, sabuni ya maji na dawa ya kuoshea nywele mna safaktanti. Jina ni geni, lakini kazi yake umeiona katika bilauri.

2. MKIA UNATOKA WAPI?

Tangu zamani mkia ulitoka katika mafuta ya mimea au ya wanyama. Mafuta yakichemshwa pamoja na maji ya majivu yaliyochujwa, au pamoja na kostiki soda, hugeuka sabuni. Kigoma watu hutengeneza sabuni kwa mawese na kwa mise, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi. Watu wa pwani wanayo mafuta ya nazi.

Mafuta ya nazi na ya mise yana sifa moja kubwa. Karibu nusu yake ni asidi iitwayo loriki. Mkia wa asidi hiyo si mrefu sana, wala si mfupi sana. Mkia wa kadiri hiyo huyeyuka upesi na hutoa povu jingi. Ndiyo maana viwanda vya dunia nzima huyatafuta mafuta hayo. Mnazi na mchikichi si miti ya jikoni tu. Ni miti ya kiwanda pia.

Lakini sabuni hii ina udhaifu mmoja. Haipatani na maji magumu. Maji magumu ni maji yenye chokaa nyingi, kama ya visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe. Ukifulia maji hayo, sabuni hushikana na chokaa na kuwa utando mweupe. Povu halipatikani, nguo hazitakati, na mche wa sabuni unakwisha upesi. Bila shaka wengi wenu mmeyaona haya.

3. MITO ILIYOFUNIKWA NA POVU

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918, Wajerumani walipungukiwa na mafuta ya kutengenezea sabuni. Wataalamu wao wakaanza kutafuta safaktanti ambayo haikutokana na mafuta ya kula. Kazi hiyo iliendelea baada ya vita, huko na katika nchi nyingine. Katika mwaka wa 1946 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilianza kuuza sabuni ya unga iitwayo Tide. Haikusumbuliwa sana na maji magumu. Watu wakaipenda. Kufika mwaka wa 1953, huko Marekani sabuni za namna hii mpya ziliuzwa kuliko sabuni za zamani.

Katika miaka ya 1950 safaktanti iliyotumiwa sana katika sabuni hizo ilitengenezwa kwa mafuta yachimbwayo ardhini, yale yanayotupa petroli na mafuta ya taa. Ilikuwa rahisi, tena ilisafisha vizuri. Lakini mkia wake haukunyooka. Ulikuwa na matawi.

Utasema, matawi yana ubaya gani? Sikiliza. Katika udongo na katika maji mna vijidudu wengi sana ambao chakula chao ni mabaki ya vitu. Hao ndio wafagizi wa dunia. Jani likianguka, wanalila. Wakipata sabuni ya nazi, huanzia kwenye mkia, wakautafuna kidogo kidogo mpaka ukaisha. Ni kama wewe unavyokula muwa, pingili baada ya pingili. Lakini walipopewa mkia wenye matawi, walishindwa. Mpe mtu kichaka cha miiba badala ya muwa, naye hajui aanzie wapi.

Basi povu lilibaki. Huko Ujerumani povu lilirundikana juu ya mito, hasa mahali maji yanapoporomoka. Uingereza na Marekani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Sehemu nyingine za Marekani maji machafu yalipenya ardhini mpaka kwenye visima. Mtu alifungua bomba apate maji ya kunywa, na maji yakatoka na povu. Sabuni aliyoimwaga ilikuwa imemrudia katika bilauri yake.

Serikali ya Ujerumani Magharibi ikatunga sheria katika mwaka wa 1961, nayo ikaanza kufanya kazi katika mwaka wa 1964. Sheria ilitaka safaktanti za kufulia ziwe ni zile zinazoweza kuliwa na vijidudu. Viwanda vya Marekani navyo vikabadili safaktanti yao kufika mwaka wa 1965. Walifanya nini? Waliunyoosha mkia. Waliondoa matawi. Vijidudu wakapata muwa wao, na povu likapungua mitoni.

Sasa tuliza moyo uangalie jambo hili vizuri. Ile safaktanti mpya yenye mkia ulionyooka ilitokana na mafuta ya ardhini vilevile. Sabuni nyingi za unga unazonunua leo zinayo. Haikutoka kwenye mmea, na hata hivyo vijidudu wanaiweza, mradi pana hewa ya kutosha. Kwa hiyo swali la kutoka na swali la kwenda ni maswali mawili mbalimbali. Kila moja linataka jibu lake.

4. KWA NINI WATU WANARUDI KWENYE MIMEA?

Kama mkia wa mafuta ya ardhini unaliwa, kwa nini leo viwanda vinatafuta tena nazi, mise, mahindi na miwa?

Sababu ya kwanza, mafuta ya ardhini yakishachimbwa hayaoti tena. Mnazi huzaa mwaka huu na mwaka ujao.

Sababu ya pili ni hewa. Vijidudu wanapoila sabuni, hutoa hewa ya kaboni, kama sisi tunavyoitoa tukipumua. Kaboni ya mnazi ilitoka hewani juzi tu, mnazi ulipokuwa ukikua. Ikirudi hewani, mnazi mwingine utaichukua. Lakini kaboni ya mafuta ya ardhini ilikuwa imefungiwa chini kwa mamilioni ya miaka. Ikitoka, ni nyongeza. Nyongeza hiyo huzidisha joto la dunia na la bahari. Kumbuka neno hili la joto la bahari, maana tutalirudia.

Basi wataalamu wamebuni safaktanti ambayo mkia wake hutoka katika nazi au mise, na kichwa chake ni sukari. Mtaalamu wa Ujerumani, Emil Fischer, alionyesha njia ya kuunganisha vitu vya namna hiyo tangu mwaka wa 1893. Lakini ilipita karibu miaka 100 kabla kiwanda hakijaweza kuitengeneza kwa wingi. Katika mwaka wa 1992 kampuni ya Henkel ilianza kuitengeneza kwa wingi huko Cincinnati, Marekani. Sukari yake hupatikana katika wanga wa mahindi. Safaktanti hii ni laini kwa ngozi, na vijidudu huila upesi. Hutiwa katika sabuni za watoto wachanga na za vyombo.

Iko njia nyingine, ya kuwatumia vijidudu wenyewe. Unajua hamira hula sukari ya unga na kutoa hewa inayoumua mkate. Wako vijidudu wengine ambao hula sukari na kutoa safaktanti. Katika mwaka wa 2024 kampuni ya Evonik ya Ujerumani ilifungua kiwanda cha kazi hiyo huko Slovakia. Vijidudu hulishwa sukari ya mahindi, nao hutoa kitu cha kusafishia.

5. SHANGA KATIKA UZI

Sasa chukua ile pakiti ya dawa ya meno. Dawa ya meno ni laini, lakini haimwagiki kama maji. Ukiiweka juu ya mswaki, inakaa. Kwa nini?

Jibu liko jikoni kwako. Ukipika uji, unatia unga katika maji. Mwanzo ni maji meupe tu. Yakipata moto, yanakuwa mazito. Ndani ya unga mna wanga, na wanga ni sukari nyingi zilizoungana moja baada ya moja, kama shanga katika uzi mrefu. Nyuzi hizo zikipata moto hukunjuka, zikashikana, zikayakamata maji. Uji ukawa mzito.

Kitu kilichoungana kama shanga katika uzi huitwa polima. Wanga ni polima. Pamba ni polima. Plastiki nayo ni polima, lakini shanga zake nyingi hutoka katika mafuta ya ardhini, na vijidudu wengi hawawezi kuzikata.

Viwanda hutia polima katika dawa ya meno, sabuni ya maji na mafuta ya kujipaka ili viwe vizito. Nyingine hutengenezwa kutokana na nyuzi za miti au pamba. Nyingine hutoka baharini, na hiyo nitakueleza sasa hivi.

Kwanza neno moja juu ya plastiki. Zamani si nyingi viwanda vilitia punje ndogo sana za plastiki katika sabuni za uso ili zisugue ngozi. Punje hizo zilipita katika mifereji mpaka baharini, wala hazikuoza. Marekani ilitunga sheria ya kuzikataza katika mwaka wa 2015, na Uingereza ilizikataza katika mwaka wa 2018. Sisi tunalo dodoki. Husugua mgongo vizuri, na likichakaa unalitupa shambani likawa mbolea.

6. MWANI WA UNGUJA

Polima ya baharini niliyoitaja huitwa karajinani. Hutolewa katika mwani mwekundu. Mwani ukichemshwa kwa njia ya kiwandani, hutoa kitu cha kugandisha. Kazi yake ni kama ya wanga katika uji. Hutiwa katika dawa ya meno na pia katika vyakula, kama vile maziwa yenye chokoleti.

Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza Unguja katika mwaka wa 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, upande wa mashariki. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino. Wakulima wengi ni wanawake. Maji yakitoka, hushuka pwani, hufunga vipande vya mwani katika kamba zilizotandazwa baina ya vijiti. Baada ya wiki sita hivi huvuna. Kisha huanika, na mwani mbichi wa gunia zima hubaki mwepesi, maana sehemu kubwa ilikuwa maji. Mwani mkavu huuzwa kwa wanunuzi, na sehemu kubwa husafirishwa nchi za nje. Huko ndiko viwanda hutoa karajinani.

Aina zilizolimwa sana ni mbili, kotonii na spinosamu. Kotonii hupata bei nzuri zaidi. Lakini kotonii haivumilii joto. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekufa mahali pengi katika maji mafupi. Hugeuka nyeupe, hulegea, kisha hukatika. Sababu moja kubwa ni joto la bahari lililoongezeka. Wakulima wengi walibaki na spinosamu, yenye bei ndogo.

Sasa unaona kwa nini nilikuambia ukumbuke joto la bahari. Mama anayelima mwani hakuchimba mafuta ya ardhini. Lakini hasara imemfikia mlangoni, au tuseme imemfikia miguuni, maana husimama humo majini.

Dawa moja ni kupanda kotonii katika maji marefu, ambayo joto lake ni dogo. Lakini hapo panahitaji chombo cha kupandia na kujua kuogelea, na wanawake wengi hawana yote mawili. Daktari Flower Msuya, mtaalamu wa mwani wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja, alifanya kazi na wakulima kujaribu nyavu za mfano wa mfuko mrefu zinazofaa maji hayo.

Dawa ya pili ni kutouza mwani mkavu tu. Tangu mwaka wa 2006 Daktari Msuya na wenzake walikusanya wakulima na wataalamu pamoja, wajifunze kutengeneza vitu kwa mwani. Vikundi vya wanawake husaga mwani, huuchanganya katika sabuni ya mafuta ya nazi, na hutia mafuta ya karafuu au ya mchaichai. Katika sabuni hiyo, anayesafisha ni mafuta ya nazi yaliyogeuka sabuni. Unga wa mwani kazi yake ni kusugua ngozi taratibu. Ni vizuri kusema kweli juu ya kila kitu na kazi yake.

Faida yake ni nini? Kilo ya mwani mkavu ni kilo ya mwani mkavu, na bei yake husemwa na mnunuzi. Lakini sabuni ina jina, ina karatasi, na bei yake husemwa na mtengenezaji. Sabuni peke yake haitamaliza mwani wote wa Unguja na Pemba, na soko lake si kubwa kama la viwanda. Hata hivyo mkulima aliyejifunza kwa nini mwani wake unatakiwa huzungumza na mnunuzi kwa namna nyingine.

7. JE, KILA KITU CHA MMEA NI KIZURI?

Hapana. Hapa ndipo watu wengi hudanganywa.

Tazama harita, tunda la mharita. Maganda yake hutoa povu, na watu wa pwani waliyajua tangu zamani kwa kusafishia. Ni mmea safi kabisa. Lakini povu la harita likiingia kwa wingi katika bwawa, huua samaki. Imetoka wapi? Katika mti. Imekwenda wapi? Katika mashavu ya samaki.

Tazama pia mchikichi. Zaidi ya nne katika tano ya mawese yote ya dunia hutoka Indonesia na Malaysia. Huko misitu mikubwa ilikatwa na kuchomwa ili kupanda michikichi. Msitu ukichomwa, kaboni yake yote huruka angani, na wanyama hukosa makao. Sabuni ya mchikichi wa namna hiyo haiwezi kusema haikuumiza dunia. Lakini mchikichi uliopandwa katika shamba la zamani bila kukata msitu ni jambo jingine. Kwa hiyo hata swali la kutoka lina swali ndani yake. Haitoshi kuambiwa ni mmea. Uliza ulipandwa wapi.

Tena, hata sabuni nzuri ya nazi ikimwagwa nyingi katika kidimbwi kidogo huleta madhara. Vijidudu hukusanyika kuila, na wanapoila huitumia hewa iliyomo majini. Samaki hukosa hewa.

8. BASI UFANYE NINI?

Kwanza, usifulie ndani ya mto wala ukingoni mwa kisima. Chota maji, ukafulie mbali, hatua 100 hivi, kisha mwaga maji machafu juu ya udongo wenye majani. Humo wamo wafagizi wengi, na hewa ipo. Udongo utayachuja maji kabla hayajafika kisimani.

Pili, tumia sabuni kwa kadiri. Povu jingi si alama ya usafi mwingi. Kama maji yenu ni magumu, kinga maji ya mvua kwa kufulia. Maji ya mvua hayana chokaa, na mche wa sabuni utakaa zaidi.

Tatu, ukitengeneza sabuni nyumbani, jihadhari na kostiki soda. Huunguza ngozi na hupofusha macho. Vaa glavu na miwani, na waweke watoto mbali. Siku zote tia soda katika maji. Usitie maji katika soda, maana itachemka na kuruka. Usitumie sufuria ya aluminiamu, kwa kuwa soda huila. Ikikurukia, osha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, na ikiingia machoni endelea kuosha, kisha nenda hospitali. Sabuni ikishakatwa, iache wiki 4 ikauke kabla ya kuitumia au kuiuza.

Nne, soma pakiti. Miezi michache iliyopita wengine wenu mlikuwa mkiangalia pakiti na kuona michoro tu. Sasa mnaona herufi. Geuza pakiti ya dawa ya meno, utafute maandishi madogo. Ukikuta neno lililoandikwa carrageenan, hiyo ndiyo karajinani, polima ya mwani. Ukikuta maneno cellulose gum, hiyo ni polima ya miti au pamba. Si kila pakiti inayo maneno hayo, lakini tafuta. Picha ya jani la kijani iliyochorwa mbele ya pakiti haikuambii kitu. Maandishi madogo ya nyuma ndiyo yenye habari.

Ndugu zangu, waliotengeneza lile povu la miaka ya 1950 hawakuwa wajinga. Walikuwa mabingwa wa elimu yao. Kosa lao ni kwamba walitazama nguo ikitakata, wasitazame maji yakienda. Sisi tunaishi karibu na visima vyetu na mito yetu. Povu letu halina safari ndefu kabla ya kuturudia. Basi tuulize mapema.

Kwaherini, na tukutane katika somo lijalo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Safaktanti: kitu chenye kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta, ndicho kinachosafisha.

Polima: kitu kilichoungana kama shanga katika uzi mrefu.

Karajinani: polima itokayo katika mwani mwekundu.

Maji magumu: maji yenye chokaa nyingi, ambayo hayatoi povu upesi.

MASWALI

1. Kwa nini maji matupu hayaondoi mafuta katika sahani?

2. Mkia wenye matawi ulileta taabu gani mitoni, na taabu hiyo iliondolewaje?

3. Taja kitu kimoja kitokacho kwenye mmea ambacho chaweza kudhuru samaki.

4. Kwa nini kotonii imekufa mahali pengi Unguja?

5. Maji ya kufulia ya nyumbani kwako humwagwa wapi? Kutoka hapo mpaka kisima kilicho karibu ni hatua ngapi? Pima, uandike jibu katika daftari lako, na ulilete darasani.